Krauni moja, bei mbili: unalipia nini hasa?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Gego langu la chini kushoto lilitibiwa mzizi mwezi uliopita. Limezibwa, haliumi tena, lakini nimeambiwa lazima lifunikwe kwa krauni. Daktari wa kwanza alinitajia bei ambayo nikijibana naimudu. Nikaenda kwa wa pili nilinganishe. Bei yake ni mara mbili na nusu ya ile. Wote wanasema ni krauni ya rangi ya jino. Sasa nishike lipi? Huyu wa pili ananilangua, au yule wa kwanza ataniwekea kitu cha kubabaisha? Na nikisubiri miezi 6 nijikusanye, kuna ubaya?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwa ulivyonieleza, hata mimi niliyekaa kwenye kazi hii miaka mingi siwezi kukwambia nani anakulangua. Umepewa namba mbili, hukupewa vilivyomo ndani ya kila namba. Neno "krauni" kwenye makaratasi yetu madaktari wa meno hubeba mizigo tofauti. Kuna anayelitumia kwa maana ya kile kifuniko peke yake, na kuna anayelitumia kwa kazi nzima, tangu eksirei ya kwanza mpaka siku unayotoka kliniki meno yanakutana sawasawa. Ukimlinganisha wa kwanza na wa pili bila kujua hilo, ni kama kulinganisha bei ya tairi na bei ya tairi iliyokwisha fungwa.

Tufanye hesabu ya mfano, namba za kufikirika tu. Wa kwanza kasema 100, wa pili kasema 250. Ukimuuliza wa kwanza vizuri unakuta eksirei iko pembeni, 8. Kulijenga jino kabla ya kulifunika, 30. Krauni ya muda ya kuvaa wakati maabara inatengeneza ile ya kudumu, 12. Kuigandisha, 10. Kumwona daktari mara ya pili na kurekebisha, 10 nyingine. Umefika 170. Wa pili, yeye kaviweka vyote ndani ya ile 250. Pengo ulilolihofia la 150 limebaki 80, na hiyo 80 ndiyo ya kukaa chini na kuihoji, kwa sababu hapo ndipo palipojificha aina ya krauni, maabara inayoitengeneza na muda ambao daktari atakaa na jino lako. Inawezekana pia hesabu ikatoka kinyume: wa kwanza naye kaweka kila kitu, na tofauti ya 150 ni ya kweli. Hutajua mpaka uombe makadirio ya maandishi yaliyochambuliwa kipengele kwa kipengele. Daktari akiona ombi hilo ni usumbufu, tayari amekueleza jambo kuhusu siku utakayorudi krauni ikiwa imelegea.

Lakini kabla ya bei, tuanze na jino lenyewe, maana wagonjwa wengi hutumia nguvu zao zote kupigania bei ya kifuniko wakati shida iko chini yake.

Utasikia watu wanasema jino lililotibiwa mzizi huvunjika kwa sababu limekufa na limekauka. Ukavu si hoja kubwa. Jino hilo limetobolewa paa. Ili daktari afike kwenye mizizi, alitoboa katikati ya gego, akaondoa dari ya kile chumba kinachohifadhi kiini chenye mishipa. Kabla yake, uozo ulikuwa umeshakula ukuta mmoja au miwili. Kilichobaki ni kuta zilizosimama bila kitu cha kuzishika juu. Kila unapotafuna, vilele vya gego vinasukumwa kwenda nje kidogo sana, vinarudi, vinasukumwa tena, maelfu ya mara. Siku moja unauma kitu cha kawaida kabisa na ukuta unaachia. Ukiachia juu ya ufizi, tunaweza kuokoa. Ufa ukishuka katikati mpaka kwenye sakafu ya jino au ukaingia kwenye mzizi, mara nyingi kinachobaki ni kung'oa, na pesa ya kutibu mzizi imekwenda na maji.

Krauni ni ile pete ya chuma inayofungwa kwenye mpini ili usipasuke. Inazikumbatia kuta zote kwa pamoja. Kwa hiyo waliokwambia gego lako linahitaji kufunikwa hawakukosea. Magego yaliyotibiwa mzizi na kuachwa bila kufunikwa vilele hupotea kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko yaliyofunikwa. Meno ya mbele ni habari nyingine. Jino la mbele lililotobolewa tundu dogo kwa nyuma, kuta zake nzima, mara nyingi linatosha kuzibwa vizuri tu. Mtu akikushauri krauni kwenye jino la namna hiyo, muulize ni kwa nini.

Sasa swali ambalo ningependa uwaulize wote wawili, na ambalo karibu hakuna mgonjwa anayeliuliza: jino langu limebaki na kiasi gani juu ya ufizi? Krauni haishikiliwi na gundi peke yake. Inahitaji kushika mkanda wa jino lenyewe, jino zima lisilooza, kimo cha takriban milimita 2 kuzunguka pande zote. Milimita 2 ni unene wa sarafu. Mkanda huo ukiwepo, krauni inakaa. Usipokuwepo, daktari ataweza kujenga mnara wa kijazo, ataweza hata kusimika nguzo ndani ya mzizi, na krauni ikavaliwa ikapendeza, lakini nguvu yote ya kutafuna itakuwa inabebwa na kijazo na gundi.

Nina kosa langu hapa, nalisema kwa sababu lilinifundisha. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimwekea mama mmoja krauni nzuri sana kwenye gego ambalo upande wa ndani lilikuwa limekatikia sambamba na ufizi. Nilijua. Alikuwa amenisihi nisilitoe, nami nikajipa moyo kwamba nguzo itashika. Alirudi kabla mwaka haujaisha, krauni mkononi kwenye kitambaa, na ndani ya krauni kulikuwa na kijazo changu chote, nguzo, na kipande cha mzizi. Krauni yenyewe haikuwa hata na mkwaruzo. Angeniuliza lile swali la milimita 2, ningelazimika kumjibu kwa ukweli, na pengine pesa ile angeiweka kwenye kitu kingine.

Ikitokea jino lako limekatika chini sana, kuna njia za kulipandisha au kupunguza ufizi na mfupa kidogo ili mkanda upatikane. Hizo nazo zina gharama, na huenda bei ya daktari wa pili imezihesabu wakati ya wa kwanza haikuzihesabu. Hilo nalo liulize.

Tuje kwenye kiti. Siku ya kwanza unapigwa sindano ya ganzi (hata kwa jino lililotibiwa mzizi, maana ufizi bado una hisia), kisha jino linachongwa pande zote na juu, kati ya milimita 1 na 2 kutegemea aina ya krauni. Hii ndiyo sehemu isiyo na kurudi nyuma. Jino likishachongwa haliwezi tena kuishi wazi. Halafu daktari anachukua uzi mwembamba, anausokomeza taratibu kati ya ufizi na jino ili ufizi ukae pembeni na ukingo uonekane. Ukiona anafanya hivyo kwa uvumilivu, akisubiri damu ikauke kabla ya kuchukua kipimo, tulia, unapata thamani ya pesa yako. Kipimo kikichukuliwa kwenye damu na mate, ukingo unatoka na ukungu, na fundi wa maabara analazimika kukisia jino linaishia wapi. Makisio hayo wewe hutayaona. Wadudu wa kuoza meno watayaona.

Kazi hiyo ikifanywa sawasawa inachukua saa nzima au zaidi. Anayewapanga wagonjwa kila dakika 20 hana namna ya kuifanya hivyo, na bei yake ya chini inawezekana imetoka hapo. Lakini usigeuze hilo kuwa kanuni. Nimeona krauni za bei ya juu zilizofungwa vibaya, na nimeona daktari wa kliniki ndogo isiyo na hata picha ukutani akifunga krauni ambayo ukipitisha ncha ya chuma kwenye ukingo husikii pale jino linapoishia na krauni inapoanzia. Kodi ya jengo, viti vya ngozi na televisheni ya darini vinalipwa na mgonjwa pia, na haviongezi hata siku moja kwenye uhai wa jino.

Kutoka hapo kipimo kinakwenda maabara, na hapa ndipo wagonjwa wengi hawajui kuna mtu wa tatu. Krauni yako kwa kawaida haitengenezwi na daktari. Inatengenezwa na fundi wa meno ambaye huenda hamtakutana maishani. Daktari humlipa fundi, na malipo hayo yamo ndani ya bei yako. Fundi mmoja hupaka kauri tabaka juu ya tabaka kwa brashi, anachoma kwenye tanuri yenye joto linalokaribia nyuzi 900 na zaidi, anatoa, anaangalia rangi, anaongeza, anachoma tena. Mwingine hutumia kompyuta: jino linachorwa kwenye skrini, mashine inachonga krauni kutoka kwenye bonge la zirkonia, aina ya kauri ngumu sana, ambalo wakati huo ni laini kama chaki. Mashine huichonga kubwa kuliko inavyotakiwa, kwa sababu ikiingia kwenye tanuri ya nyuzi karibu 1,500 husinyaa kwa takriban moja ya tano, ndipo inakuwa ngumu na kufikia kimo chake halisi. Huwa napenda kuwaonyesha wagonjwa hizo mbili, kabla na baada ya tanuri. Hawaamini kwamba ni kitu kimoja.

Kuna kliniki zenye mashine hiyo hapo hapo, unaingia asubuhi unatoka na krauni. Si uchawi mpya; ilianzia Zurich mwaka 1985, Profesa Werner Mörmann alipomwekea mgonjwa kijazo cha kauri kilichochongwa kwa kompyuta pale pale kwenye kiti. Unaokoa safari ya pili na krauni ya muda. Ila mashine yenyewe ni ghali mno, na mwenye nayo lazima airudishe pesa yake kupitia kwako, kwa hiyo usishangae krauni ya siku moja ikigharimu kuliko ile ya kungoja maabara wiki mbili.

Sasa hii "rangi ya jino" mliyokubaliana wote watatu. Inaweza kuwa vitu vitatu tofauti kabisa.

Inaweza kuwa chuma kilichovalishwa kauri. Ndani kuna kofia nyembamba ya chuma, nje kauri imechomewa juu yake. Hii ni kazi ya miaka mingi, imetumika tangu miaka ya 1960, na bado ni ya kuaminika. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba takriban 95 kati ya 100 bado zimo kinywani zikifanya kazi baada ya miaka 5. Udhaifu wake ni kauri kumeguka pembeni ukaona chuma, na ule mstari mweusi unaojitokeza karibu na ufizi baada ya miaka. Bei yake inacheza sana, na sababu ni chuma chenyewe. Chuma cha bei nafuu ni mchanganyiko wa nikeli au kobalti na kromu. Chuma cha bei ya juu, kile kinachoitwa cha thamani kubwa, lazima madini ya thamani yafikie angalau asilimia 60, na dhahabu peke yake angalau asilimia 40; hapo bei inafuata soko la dhahabu la wiki hiyo. Kama hereni au saa za bei rahisi zinakuwasha, sema mapema, kwa sababu anayewashwa na hizo mara nyingi anawashwa na nikeli.

Inaweza kuwa zirkonia tupu, kipande kimoja kutoka juu mpaka chini. Hii ni ngumu mno. Zile za aina imara zaidi huhimili mkazo wa karibu megapaskali 1,000, wakati kauri ya kioo ya lithiamu, ambayo ndiyo ya tatu, iko karibu 400. Kauri hiyo ya lithiamu inaipita zirkonia kwa uzuri: mwanga unapita ndani yake kama unavyopita kwenye jino la kweli, na inaganda na jino vizuri sana kwa gundi ya resini. Kwa jino la mbele ningeichagua bila kusita.

Na hiyo zirkonia ina namna nyingine, iliyopakwa tabaka la kauri nje ili ipendeze, kazi ya mkono ya fundi, ghali kuliko ile tupu. Ikiwa ndiyo uliyotajiwa na daktari wa pili, hapo nina neno. Gego la chini la nyuma halionekani ukicheka. Tabaka hilo la kauri ndilo linalomeguka. Unalipa zaidi upate kitu kinachopendeza mahali ambapo anayekiona ni daktari wako tu, na chenye uwezekano zaidi wa kumeguka. Kwa gego, mimi huchagua zirkonia tupu iliyong'arishwa vizuri, au chuma.

Ndiyo, chuma kitupu. Najua umesema rangi ya jino, lakini niache nikitetee kidogo, maana siku hizi kimekosa mtetezi. Krauni ya chuma tupu kwenye gego inahitaji jino lichongwe kidogo kuliko zote, haimeguki, ukingo wake ukifanywa na fundi mzuri unakaa kama umezaliwa pale, na ile ya dhahabu inasagika kwa kasi inayokaribiana na ya jino la kawaida, kwa hiyo hailionei jino la juu. Na ile isiyo ya dhahabu mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Madaktari wa meno wa zamani wengi, ukiwaambia wafungue midomo, utaona magego yao yamevaa nini.

Kuhusu zirkonia nilisema "iliyong'arishwa vizuri" na sikulitupia tu. Siku ya kufunga, daktari atakupa uume karatasi nyembamba ya rangi, bluu au nyekundu, itakayoacha alama pale krauni inapogonga kabla ya meno mengine. Atasaga hapo kidogo. Aliposaga pamekuwa na ukwaru, na zirkonia yenye ukwaru ni msasa kwa jino linalokutana nayo. Lazima apang'arishe tena kwa vifaa vyake, dakika chache tu. Wapo wanaoruka hatua hii kwa sababu mgonjwa hawezi kujua. Pitisha ulimi. Ukisikia mkwaruzo, sema. Hapo hapo muombe apitishe uzi wa meno pande zote mbili: uingie kwa kubanwa kidogo, utoke bila kuchanika. Ukipita kwa ulegevu, chakula kitajisokota pale kila siku. Na uangalie kwanza krauni ikiwa imevalishwa tu, kabla haijagandishwa. Ikishagandishwa, kubadilisha mawazo maana yake ni kuikata.

Swali lingine la pesa ambalo watu hulisahau ni nani analipa mambo yakiharibika. Krauni ikimeguka mwezi wa nne, ikivuka mwaka ikang'oka, unarudishiwa bure, unalipa gharama ya maabara tu, au unaanza upya? Liandikwe. Kwenye ile hesabu yetu ya 170 na 250, dhamana ya miaka michache inaweza kula sehemu nzuri ya tofauti. Ila usitegemee dhamana ifidie uozo utakaoanzia kwenye ukingo kwa sababu ya kutopiga mswaki. Krauni yenyewe haiozi, jino lililo chini yake linaoza, na hiyo ni mojawapo ya sababu kubwa za krauni kuondolewa. Na kama unasaga meno usingizini (mwenzako chumbani atakuwa anajua kabla yako), mwambie daktari kabla ya kuchagua aina, kwa sababu jibu litabadilika, na huenda ukahitaji kifaa cha kuvaa usiku ambacho nacho kina bei yake.

Kama una bima, usiulize tu "mnalipia krauni?" Wengi watasema ndiyo. Uliza kama kuna kipindi cha kusubiri tangu ulipojiunga, kiwango cha mwisho kwa mwaka, na kama wanalipa kwa bei ya aina ya bei ya chini hata ukiwekewa ya juu. Kifungu hicho cha mwisho ndicho huwaumiza watu: umewekewa zirkonia, bima imelipa sehemu ya bei ya chuma, salio ni lako. Omba idhini kabla ya jino kuchongwa. Matibabu yakianguka kati ya mwisho wa mwaka mmoja wa bima na mwanzo wa mwingine, wakati mwingine yanaweza kugawanywa, lakini hilo ulipange na kliniki mapema.

Kupunguza bei bila kujidanganya kunawezekana. Hospitali zinazofundisha madaktari wa meno huchukua wagonjwa wa krauni kwa gharama ndogo zaidi. Mwanafunzi anafanya, mwalimu anakagua kila hatua. Utakaa kwenye kiti muda mrefu, utarudi mara nyingi, lakini uangalizi ule mara nyingine ni mkali kuliko wa kliniki binafsi. Unaweza pia kuuliza kama gego lako linafaa kufunikwa vilele tu badala ya kuzungushiwa krauni kamili. Linachongwa kidogo, ingawa bei ya maabara haipungui sana. Na unaweza kuomba kulipa kwa awamu, kwa kuwa kazi yenyewe huja kwa awamu. Usichokifanya ni kukubali bei ya chini ambayo imepatikana kwa kuruka kulijenga jino.

Nije kwenye miezi 6. Jibu langu linategemea ulichozibiwa nacho, na hilo hukuniambia. Ikiwa ni kijazo cha muda, kile cheupe laini kinachowekwa kungojea, hicho ni cha wiki chache. Kikianza kuvuja, mate yenye bakteria yanashuka kwenye mizizi iliyosafishwa, na jino likikaa wazi miezi kadhaa unaweza kuambiwa mzizi utibiwe upya. Hapo kungoja kutakugharimu kuliko krauni yenyewe. Rudi wiki hii kwa aliyetibu mzizi, muombe aweke kijazo cha kudumu kinachoziba vizuri, na wakati huo huo apunguze vilele vya gego avifunike kwa kijazo hicho hicho, ili jino la juu lisilibamize. Kazi hiyo inagharimu kiasi kidogo tu cha bei ya krauni, na sehemu yake haipotei, kwa sababu mara nyingi kijazo hicho ndicho kitakachokuwa msingi wa krauni baadaye. Likishafanyiwa hivyo, kusubiri miezi michache kunavumilika, ukitafunia upande wa kulia na kuviacha mifupa, barafu na punje ngumu.

Usilichukulie kutouma kwake kuwa uthibitisho kwamba liko salama. Kiini kimeondolewa, halina tena cha kukuonya kuhusu baridi wala moto. Linachoweza bado kuhisi ni kubanwa, kupitia nyuzi zinazolishika kwenye mfupa. Ukiuma kitu kisha maumivu yakaja pale unapoachia, au kakitokea kajipu kadogo kwenye ufizi kando ya gego hilo, hata kama hakaumi, achana na hesabu ya miezi 6 na umpigie daktari siku hiyo hiyo.